Vipimo vya Koti la Lonnie

Ngozi haipigwi pasi. Naanza na hilo, Furaha na Neema, kwa sababu siku yangu ya kwanza katika chumba hiki cha mavazi, nyuma ya jukwaa la muziki, niliipiga pasi suruali ya ngozi ya mtu mzima. Ikajikunja mbele ya macho yangu kama ngozi ya kuku kwenye mafuta, ikabaki suruali ya mtoto wa darasa la nne. Nilikuwa nimetoka Morogoro na cheti cha kidato cha nne, miaka tisa ya kushona sare za shule, na imani kwamba hakuna kitu kinachoweza kushindana na pasi ya mkaa. Hapa Toronto nikakuta ya umeme, tena ya mvuke. Nikazidisha.

Fundi mkuu wakati huo alikuwa Ofélia, mama wa Kireno, mjane, mfupi kiasi kwamba meza ya kukatia ilimfika kifuani. Aliitazama ile suruali, akanitazama mimi.

"Kwenu hakuna ng'ombe?"

"Wapo, mama."

"Mnawapiga pasi?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mmeniomba niandike mambo ya miaka yangu kabla sijayasahau, na Neema akaongeza kwamba niandike kwa ufupi, maana Kiswahili changu kina mikia. Vyeo naviruka, nilipewa kimoja tu, cha kutunza ufunguo wa kabati. Mishahara naiacha ilipo. Nitaandika ya kazi, na zaidi habari ya lile koti jeusi la ngozi lililochanwa, lililoko kabati la mwisho. Kila mmoja wenu ameshaniuliza kwa nini halishonwi, nami kila mara nikapata kikohozi cha ghafla. Koti lile linahusu jambo nililolijua juu ya mwili wa mtu. Ndugu yake aliniuliza, nami nikamdanganya.

Mnanijua, mimi si mtu wa kutoka. Nimefanya kazi nyuma ya jukwaa zaidi ya miaka ishirini, na karibu yote hiyo sikuona onyesho hata moja. Wavalishaji wa jioni walipoingia, mimi nilikuwa tayari kwenye treni kuelekea Victoria Park. Kufika kule juu, kwenye fleti yetu ya Crescent Town, navua viatu, nakaa kwenye kochi langu, na mke wangu, Mama Rehema, ananiuliza leo nimemshonea nani. Namjibu, "Sijui jina. Kifua arobaini na mbili." Anasema watu wengine wangelipa kukaa nilipokaa mimi. Namwambia walipe, nami nikae hapa.

Ofélia alinifundisha ngozi kama mtu anavyofundishwa kuogelea, kwa kutupwa. Ngozi haibanwi kwa pini, inabanwa kwa vibanio vya nguo, kwa sababu kila tundu linabaki milele. Sindano yake ina ncha ya pembe tatu. Uzi unapakwa nta. Ukikosea ukafumua, mstari wa matundu unabaki pale kukusema. "Kabla hujatoboa," alikuwa akisema, "kanywe chai. Ukirudi bado unataka kutoboa, toboa."

Kisha akanifundisha kupima, na hapa ndipo penyewe. Ofélia alipima kimya. Futi ilizunguka kiuno, yeye akatazama, akaandika kwenye daftari la vipimo, kila mteja na ukurasa wake. Namba haikutajwa. Mteja akiuliza, jibu lilikuwa moja tu: "Uko vilevile." Mtu anayekwenda kusimama mbele ya umati amebanwa na ngozi hana haja ya kuambiwa kwamba kiuno kimekua, na wenzake ndio kabisa hawana haja ya kusikia. Mimi sikuona shida. Kwetu pia niliambiwa fundi ni kama mwosha maiti, anachokiona hakitoki naye mlangoni. Nikafurahi kwamba walau jambo moja nilikuja nalo limekubalika Toronto.

Wale Wazee wa Ngozi nilikutana nao wakati simu bado zinakunjwa. Ndilo jina tulilowapa humu chumbani. Lao la kweli liko kwenye mabango na halinihusu. Bendi ya roki nzito, Wamarekani wanne kutoka mji ambao viwanda vyake vilishafungwa. Ujanani walijaza viwanja vya mpira. Kisha fasheni ikageuka, wakaja vijana wa mashati ya drafti walioimba huku wakitazama viatu vyao, na wazee hawa wakaonekana vichekesho na suruali zao. "Tulilala tukiwa maarufu," Lonnie aliniambia, amesimama juu ya kile kibao chetu cha kupimia, mikono juu kama mateka. "Tukaamka tunaalikwa kufungua maduka ya magari."

Lonnie alikuwa mwimbaji, mrefu, nywele zimepakwa rangi nyeusi iliyobaki kwenye kola. Mpiga ngoma alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Dwight, mtu wa mikono minene na maneno mengi. Walikuja kwetu kwa sababu Ofélia alikuwa ameshawahi kuwarekebishia suruali bila kuwacheka, na tangu hapo kila ziara yao ya Kanada ilipitia humu.

"Shab," Dwight akaniambia siku ya kwanza, maana jina Shabani lilimchosha katikati. "Sema ukweli. Kiuno cha kaka yangu kimefika ngapi?"

"Kiko vilevile."

"Vilevile na nini? Na pipa?"

"Nyamaza wewe," Lonnie akasema juu ya kibao. "Unakaa nyuma ya ngoma. Hata ukija na pajama nani atakuona?"

"Mama ataniona. Alishaniona. Alisema nimependeza kuliko wewe."

Kiuno kilikuwa inchi thelathini na sita. Walipokuja tena kilikuwa thelathini na nane. Niliongeza kiraka cha kitambaa kinachovutika kati ya miguu, cheusi, kilichofichwa na mshono, na kamba za pembeni ambazo watazamaji waliziona pambo. Zilikuwa huruma. Kama mtateuliwa kuwavalisha wanaume wa umri ule, wekeni kamba za pembeni. Watawashukuru bila kujua wanachoshukuru.

Baadaye ndugu wale waligombana. Kwa nini, sikuuliza; ukimhoji mtu unayempima anavuta pumzi, na kipimo kinaharibika. Lonnie akaja peke yake na wanamuziki wa kukodi, mpiga ngoma akiwa kijana mdogo kuliko ile suruali. Ukumbi haukujaa. Siku mbili kabla ya onyesho tuliletewa marobota ya kitambaa cheusi, tupinde mipaka, kifunike viti vya juu visionekane vitupu. Nilikuwa nakishona Lonnie alipoingia kujaribu nguo. Kitambaa kilikuwa kimejaa sakafuni, ikabidi akiruke.

"Hii ni nguo ya nani?" akauliza. "Anavaa tembo?"

Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa na kabati zima la uongo mdogo mdogo, nimeukusanya kazini. Nikasema, "Ya viti."

Alisimama akikitazama. Kisha akapanda kibaoni akainua mikono. "Niko vilevile, Shab?"

"Uko vilevile."

Mwaka ule Ofélia alistaafu. Aliniachia mkasi, daftari la vipimo, na onyo kwamba akisikia nimepiga pasi ngozi atatoka kaburini, ingawa alikuwa bado hai na anakwenda kukaa kwa binti yake. Hakukaa muda mrefu. Nilikwenda mazikoni kwake, nikiwa mtu pekee niliyevaa suti iliyonikaa, na nilijua angelitambua hilo.

Miaka ikapita. Simu zikawa za kioo. Ndipo wimbo mmoja wa zamani wa Wazee wa Ngozi ukawekwa kwenye tangazo la magari ya mizigo, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka wakaanza kuusambaza. Hata binti yangu Rehema, ambaye muziki wangu anauita wa msibani, alikuwa akiuimba jikoni. Nilipomwambia nawajua, nimeshona suruali zao, alijibu kwa Kiingereza kwamba nisimwambie mtu.

Ndugu wakapatana. Dwight alikuwa anauza matairi huko kwao. Akafunga duka, akarudi kwenye ngoma. Ziara kubwa ikapangwa, ianzie Toronto, na wakaja kufanya mazoezi wiki sita kabla. Tiketi ziliisha. Hakuna aliyeniletea kitambaa cha kufunika viti.

Lonnie alipoingia, watu wote chumbani walishangilia. Alikuwa amepungua. Wavalishaji wakamzunguka, umependeza, umekuwa kijana, unakula nini? Akasema ameacha bia na sukari. Nikampima. Thelathini na tano. Nikafurahi naye, nikang'oa viraka vyangu vyote vya huruma.

Wiki mbili baadaye suruali ilikuwa inateleza. Thelathini na nne, kasoro. Wiki ya nne, thelathini na mbili. Lakini si kiuno kilichonitisha. Koti nililomkatia siku ya kwanza ya mazoezi, lile jeusi, mshono wa bega ulikuwa umeshuka nusu inchi kwenye mkono. Kola iliingia vidole vyangu vitatu. Mtu akiacha sukari, mabega yake yanabaki alipoyaacha.

Mama Rehema alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Jioni ile nilimwambia kuna mteja.

"Anakula?"

"Anasema ameacha sukari."

"Baba Rehema, mimi nawavalisha wazee kila siku. Mtu akianza kupungua shingo, sukari haimo. Ana ndugu?"

"Anaye. Yuko naye kila siku."

"Anayemwona kila siku haoni. Mwambie."

"Mimi kazi yangu kushona."

"Na mdomo nao umeushona?"

Rehema, macho kwenye simu, akasema kwa Kiingereza kwamba mama amesema kweli. Nikajifanya sikuelewa Kiingereza. Ni lugha ninayoielewa ninapotaka.

Wiki mbili kabla ya onyesho Lonnie alikuja peke yake, mchana, akaniomba nifunge mlango. Akavua shati. Sitawaeleza nilichokiona, mmeshapima watu, mnajua mbavu zikoje.

"Nijaze, Shab," akasema.

"Bwana Lonnie, nenda hospitali."

Hilo nililisema. Naliandika ili nalo lihesabiwe, ingawa ni dogo.

"Nikienda, daktari ataniambia kitu. Nikishaambiwa nitakuwa nakijua. Nikikijua, Dwight atakijua usoni mwangu kabla sijafika mlangoni, na kila kitu kitafungwa. Ameuza matairi miaka yote ile akisubiri nimpigie simu. Nitakwenda tukimaliza." Akainua mikono kama kawaida. "Nijaze tu."

Nikaenda kunywa chai, kama nilivyofundishwa. Nikarudi. Nikatoboa.

Kwa wale watakaowahi kuhitaji: pamba iwe ya tabaka nyembamba nyingi, kila moja fupi kuliko ya chini yake, ili ukingo ufe bila kuonekana. Ishikizwe kwenye bitana peke yake, usiguse ngozi. Kifuani weka sponji lenye vitundu vya kupitisha hewa, pamba hunywa jasho na kuwa nzito kama godoro la mgonjwa. Mabegani jaza kwa nyuma zaidi kuliko mbele, ndipo mtu anaonekana amesimama. Nilifanya kazi ile siku nne. Alipolivaa, akajigeuza kwenye kioo, nikamwona Lonnie wa zamani. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile, kabla wala baada yake.

Siku moja kabla ya onyesho Dwight alikuja na kizibao kilichokatika kifungo. Alikaa kwenye kiti cha Ofélia nikikishona. Hakutania. Hilo peke yake lingetosha kuniambia.

"Shab," akasema. "Wewe ndiye unayempima kaka yangu."

"Ndiyo."

"Mimi nikimuuliza ananitukana. Nakuuliza wewe. Anaendelea kupungua?"

Daftari lilikuwa mezani, wazi, ukurasa wa Lonnie, chini ya kiganja changu cha kushoto. Namba zilikuwa zimeshuka moja chini ya nyingine kama ngazi. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono.

"Yuko vilevile," nikasema.

Akashusha pumzi mpaka kiti kikalia. "Basi. Nimeanza kuwa kama mama, kila kikohozi ni msiba." Akapiga ngoma kidogo mezani kwa vidole viwili, akachukua kizibao akaenda zake akipiga mluzi.

Kesho yake nilibaki kuangalia onyesho. Mara yangu ya kwanza. Nilisimama kando ya jukwaa, na kelele zilipoanza nikaziba masikio kwa vipande vya pamba vilivyobaki mfukoni, pamba ileile ya koti. Watu walikuwa wanalia, wanaume wenye vipara wanakumbatiana. Mimi niliangalia mshono wa bega la kushoto. Ulikaa. Aliruka, aliinama, alimnyooshea kidole mdogo wake kule nyuma ya ngoma, na bega halikusogea. Baada ya wimbo wa tatu nikaenda kupanda treni. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama Rehema koti limekaa. Hakuniuliza koti gani. Alininyima chai.

Alianguka jukwaani wiki kadhaa baadaye, mji mmoja wa kusini. Hospitali walilikata koti kwa mkasi kumfikia kifua, mkato mmoja kutoka kola hadi chini. Alifariki kabla theluji haijaisha hapa kwetu.

Dwight alikuja Machi, viatu vimepigwa mstari mweupe wa ile chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, mkononi mfuko wa plastiki. Akalitoa koti akaliweka juu ya meza ya kukatia. Pamba ilikuwa inatoka kwenye mkato.

"Nesi alifikiri amevaa jaketi la kujiokoa majini," akasema. "Akaniuliza kwa nini. Nilikuwa sijui cha kumjibu. Hii kazi ni yako?"

"Ni yangu."

"Nilijua. Hakuna mwingine anayeshona hivi." Hakupandisha sauti. Ningemshukuru kama angepandisha. "Ulijua tangu lini?"

Nikafungua daftari, nikamgeuzia. Akasoma taratibu, kidole kwenye kila namba, midomo ikicheza. Akafika mwisho akarudi juu.

"Siku nilipokuja na kizibao, hizi zilikuwa hapa?"

"Zilikuwa hapa. Chini ya mkono wangu."

Akakaa kwenye kiti cha Ofélia. Nilimuuliza madaktari walisema nini. Alisema ulikuwa ugonjwa wa tumbo, umekaa muda mrefu. Nikamuuliza kama wangeanza mapema. "Waliniambia labda," akasema. "Nimekuja na hiyo labda kutoka kule mpaka hapa. Nilitaka nikuachie nusu."

Nilimwambia naweza kulishona koti, mkato usionekane.

"Usilishone," akasema, akiinuka. "Umeshashona vya kutosha."

Hakurudi tena, na bendi haikupanda tena jukwaani. Ndiyo maana koti liko kabati la mwisho na pamba yake nje, na ndiyo maana mlipokuja humu, mmoja kutoka Bukavu na mwingine kutoka Dodoma, jambo la kwanza nililowafundisha ni kutaja namba kwa sauti. Mkaniona mzee asiye na adabu. Furaha alisema kwao huwezi kumtajia mtu mzima kiuno chake, ni kumvua nguo. Nami sikuwaeleza. Sasa nimewaeleza. Mkipima, semeni. Mteja akikasirika, akasirike akiwa hai.

Limebaki moja, la wiki iliyopita. Mlitaka kunishonea koti la kuniagia ninapostaafu, mkanipandisha kwenye kibao. Neema alikuwa na daftari, Furaha na futi, na wote mlikuwa mnacheka kwa sababu nilikuwa nimeinua mikono na kuhubiri jinsi ya kupima huku napimwa. Furaha, ulizungusha futi, ukatazama, ukalegeza, ukazungusha tena.

"Vipi?" nikauliza.

"Papa Shabani, uko vilevile tu."

"Furaha. Nimekufundisha nini?"

Ulimtazama Neema. "Papa, minaogopa."

"Sema."

"Arobaini na moja."

Neema akaacha kucheka, kwa sababu ukurasa ulikuwa mbele yake, na mwezi wa tisa mliponipima kwa ajili ya aproni mpya mliandika arobaini na nne. Mimi sijaacha sukari. Mama Rehema anaweza kutoa ushahidi.

Koti msilikate bado. Nina miadi na daktari Jumanne asubuhi. Mama Rehema ameomba ruhusa kazini anisindikize, kwa sababu ananijua: akiniacha peke yangu nitashuka kituo kinachofuata, nivuke upande wa pili, nirudi kwenye kochi.